Ndiyo Iliyobaki Roma

Koleta alisimama ukingoni mwa barabara ya Roma kama mtu aliyefika kwenye mto uliofurika. Magari madogo yalipita yakipiga honi, pikipiki zikipenya katikati yake, wala hakuna aliyemjali. Ng'ambo aliona vitambaa vyeupe vya wenzake wa kwaya vikipotelea nyuma ya lile jengo kubwa la mawe, Kolosei. Kila alipotoa mguu, honi ilimrudisha.

"Dada, hapa hawasubiri mtu. Nipe mkono."

Alikuwa kijana mrefu, kavaa suti ya Kaunda rangi ya udongo, viatu vinang'aa. Koleta alimjua kwa sura tu. Mahujaji walitoka jimbo moja, ila wa Ngara walikaa na wa Ngara, wa Biharamulo na wa Biharamulo.

"Nikupe mkono, Padri akiona?"

"Padri mwenyewe kavushwa na sista. Nimewaona kwa macho yangu."

Koleta akacheka, akatoa mkono. Kijana akainua wa kwake mwingine juu, kama anayezuia ng'ombe wasiingie shambani, akatembea bila kukimbia. Dereva mmoja alichomoza kichwa dirishani akafoka kwa Kitaliano.

"Anasemaje?"

"Anasifu gauni lako."

Na lilikuwa la kusifiwa: kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, kimeshonwa kwao Ntobeye, Ngara, kwa ajili ya safari hii ya mwezi wa sita, 1978, kikambana kiunoni kuliko alivyopenda mama yake.

"Naitwa Ndassa. Wa Kaniha, Biharamulo."

"Ah, Msukuma! Ndiyo maana unaswaga magari. Mimi Koleta, wa Ntobeye."

Ndani ya Kolosei walimkuta Bi Restituta, shangazi yake Koleta, ameketi juu ya jiwe anajipepea kwa leso. Jua lilikuwa kali, paka wamejaa kila pembe.

"Nyumba kubwa hivi haina paa, haina watu," alisema. "Hawa nao walihamishwa? Walipelekwa kijiji gani?"

"Operesheni yao ni ya zamani, shangazi," Ndassa akajibu. "Hata migomba imeshakauka."

Walicheka wote watatu, lakini Bi Restituta alimaliza kucheka kabla ya wenzake. Nyumba yake ya zamani nayo iliezuliwa paa ili ahamie kijijini, na alikuwa bado anaiota.

Ndassa akaenda kununua soda ya machungwa. Muuzaji alimpa chupa moja, akachomeka mirija miwili, akamkonyeza. Wakakaa kivulini, Koleta na yeye, shangazi hatua chache pembeni. Makelele ya mji yalikuwa makubwa hata humo ndani, ikambidi Ndassa amsogelee sikioni.

"Koleta. Tukirudi, nikiwatuma wazee wangu Ntobeye, watapokelewa?"

Kwao Koleta, msichana akiulizwa neno hilo hafungui mdomo. Huletewa chungu cha pombe ya ndizi na mirija miwili. Akinywa pamoja na kijana mbele ya mtu wa kwao, amejibu. Koleta alimtazama shangazi yake. Shangazi alikuwa anatazama. Basi akainamisha kichwa, akashika mrija, akanywa. Bi Restituta akapiga kigelegele kidogo, paka wakatawanyika.

Kwao Ndassa, msichana akikutaka atakujibu, hata kwa matani. Akinyamaza na kuangalia pembeni, umeshajibiwa. Ndassa aliona amemwuliza mtu neno la maisha yake, mtu huyo akachagua soda, na shangazi akamcheka.

"Sawa," alisema, polepole.

Koleta aliisikia ile sawa, moyo wake ukaruka.

Wasichana mnaosafiri, shikeni hapa. Walikaa jiwe moja, chupa moja, na kila mmoja alikuwa bado yuko kwao.

Waliporudi, Koleta alikaa kusubiri wazee. Gozbert, fundi cherehani, alipoleta maneno, alimkataa. Baba yake akauliza, "Huyo wa Roma ana miguu kweli, au ni wa kuchorwa ukutani?" Maharage yakapandwa, yakaota, wazee hawajaja.

Kule Kaniha, Ndassa alilima kama mtu anayemlimia mwingine. Vita ilipotangazwa, alikuwa wa kwanza kujitolea kwenda na mgambo.

"Nini kinakukimbiza?" akauliza mama yake, Nshoma.

"Hakuna kinachonizuia, mayu."

Shilinde, mdogo wake, hakuwahi kumwacha kaka yake aende peke yake hata mnadani. Akajitolea siku ileile.

Kabla ya kuondoka, Ndassa alimtuma dereva wa lori amwambie Koleta aende Posta ya Ngara asubiri simu. Alitaka kumuaga tu. Koleta alifika amevaa kile kitenge cha kijani.

"Haloo! Koleta? Naenda vitani!"

"Wazee wako wako wapi?" Koleta akapiga kelele, watu wote wa foleni wakageuka. "Nawasubiri tangu Roma!"

"Unawasubiri wa nini? Si ulikataa?"

"Nilikataa lini? Si nilikunywa!"

"Ulikunywa nini?"

"Soda! Mbele ya shangazi! Ulitaka ninywe mara ngapi?"

Simu ilikoroma. Ndassa alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Koleta... mimi nilijua ni kiu."

Karani akasema muda umekwisha.

Kesho yake Koleta na Bi Restituta walipanda lori hadi Biharamulo, wamebeba mirija miwili na chungu kidogo cha pombe kilichofunikwa jani la mgomba. Walimkuta Ndassa uwanjani, malori yanaunguruma, Nshoma amemshika mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nshoma alimtazama toka kichwani hadi miguuni.

Koleta akafunua chungu. Ndassa akatikisa kichwa.

"Siwezi, mpenzi. Nikinywa leo nikafia huko, nimekufanya mjane. Ungeniambia Roma, ningekuwa nimeoa. Nisingejitolea."

"Na wewe ungeniuliza tena!"

Shilinde akachungulia kutoka juu ya lori, anacheka. "Shemeji, usigombane naye, nitakurudishia. Lakini mrija wangu uko wapi?"

"Wako siku ya arusi!" Koleta akajibu, machozi yanamtiririka.

Lori likaondoka. Chungu kilirudi Ntobeye kikiwa kimejaa.

Mwaka uliofuata waliorudi walishushwa uwanja uleule. Ndassa alishuka amekonda. Kombora lilikuwa limelipuka karibu naye, likaua sikio lake la kushoto. Shilinde alikuwa upande huohuo wa kushoto. Hakushuka.

Koleta alimkimbilia, akasema, "Ndiyo." Ndassa akaendelea kuangalia mbele. Akasema tena, "Ndiyo, Ndassa." Wapi. Ndipo Nshoma aliyekuwa nyuma yao akasema, bila kumtazama:

"Zunguka huku. Hilo halisikii."

Koleta akazunguka kulia. Lile neno ambalo msichana wa kwao halisemi kwa mdomo, alilipigia kelele uwanja mzima ukalisikia. "NDIYO! Walete wazee!"

Ndassa alimshika kichwa kwa mikono miwili, akalia kama mtoto.

Walioana baada ya matanga kwisha, ng'ombe wakatolewa kama kwao Ndassa, chungu kikaletwa kama kwao Koleta. Watu walipiga vigelegele mirija miwili ilipochomekwa. Kisha Nshoma akasimama, akatoa mrija kwenye kitambaa chake cha kichwa, akauchomeka wa tatu. Akarudi kukaa.

Koleta na Ndassa wakanywa. Mrija wa tatu ulibaki umesimama kati yao mpaka chungu kikaisha.