Barua Haiko Posta

Fundi viatu aliishi na mama yake kijijini, mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka mjini. Kila asubuhi fundi alishona viatu barazani, na mama alimpakia uzi nta. Siku moja mama alipaka nta kidole badala ya uzi. Siku nyingine alimimina chai nje ya kikombe. Jumapili moja akaukosa mlango, akagonga ukuta, paji la uso likavimba.

"Mama, unaona kweli?"

"Naona ukungu tu, mwanangu. Hata jua likiwaka, hauondoki."

Kesho yake walipanda basi la alfajiri kwenda hospitali kubwa ya mjini. Fundi hakuwa na wasiwasi. Mji wenyewe ni mdogo. Ukitembea nusu saa umeumaliza.

"Saa nne tutakuwa njiani kurudi," alisema.

Lo! Hospitali ilikuwa imejaa pomoni. Dirisha la kwanza liliwatuma la tatu. La tatu likawarudisha la kwanza. Mama alimfuata mwanawe ameshika shati lake kwa nyuma.

"Barua iko wapi?" karani aliuliza.

"Barua gani?"

"Bila barua siwezi kuwapangia daktari. Anayefuata!"

Fundi alitoka ameduwaa. Barua? Barua huwa wapi? Akamwongoza mama hadi posta. Mfanyakazi wa posta alitafuta jina lao kwenye mafungu yote. Hakuliona.

"Labda bado iko njiani," alisema kwa huruma.

Wakarudi hospitali. Ilikuwa saa nane, na kichwa cha fundi kilizunguka kama pia. Walikaa kwenye benchi ukumbini. Mwanamke mmoja alikuwa anadeki, nao wakainua miguu kumpisha.

"Kaka, tangu asubuhi nakuona mara huku, mara kule," alisema yule mwanamke. "Umepotewa na nini?"

"Nimepotewa na barua, dada. Hata posta haipo."

Mwanamke akaacha kudeki. Alitaka kucheka, akajizuia.

"Barua ya rufaa haitoki posta. Inatoka zahanati ya kwenu. Muuguzi ampime mama, aandike alichokiona, kisha apige simu hapa mpangiwe siku. Mtu aliyeumia vibaya ghafla hupokelewa papo hapo, hata bila barua. Wengine wote huanzia kwao."

"Lakini mji mdogo hivi, foleni hii ya nini?"

"Watu wa mji hapa ni wachache. Wengi wametoka mbali kama nyinyi. Wilaya sita, daktari wa macho mmoja! Ndiyo maana kila wilaya ina siku yake. Mmetoka wilaya gani?" Fundi akamtajia. "Basi yenu ni Jumatano. Leo Jumatatu."

Fundi akawatazama upya watu wa kwenye foleni. Kumbe kila mmoja alikuwa na basi lake la alfajiri.

"Na macho ya mama, yatasubiri?"

"Mimi si daktari. Ila usikae. Nenda zahanati kesho."

Walikwenda. Muuguzi wa zahanati alimulika macho ya mama kwa tochi ndogo.

"Ni mtoto wa jicho," alisema.

"Mtoto?" Mama alishtuka. "Nimezaa saba, nikafunga kazi!"

Muuguzi alicheka. "Huyu si wa kuzaa, bibi. Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo. Chako kimeingia ukungu. Hakisafishiki kwa majani wala kwa dawa ya matone. Kinatolewa kwa upasuaji mdogo, kinawekwa kingine."

Akaandika barua, akapiga simu. Wakapewa Jumatano ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi.

Siku hiyo karani aliisoma barua, akawaonyesha mlango wa daktari. Kabla ya adhuhuri mama alikuwa ameshapimwa. Alhamisi akafanyiwa upasuaji wa jicho moja. La pili lingefuata baadaye.

Ijumaa muuguzi wa hospitali akabandua bandeji. Mama akapepesa jicho. Akamtazama mwanawe, akakunja uso. Fundi akaogopa.

"Mama, huoni?"

"Naona," mama alisema polepole. "Naona mzee mwenye mvi. Mwanangu umempeleka wapi?"

Fundi akashika ndevu zake, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Na mama akayaona, moja baada ya jingine.