Funga ya Siri ya Mwatima

Mwatima wa mtaa wa Mkunazini alikuwa hodari wa kushona kofia, na hodari zaidi wa kuficha jambo. Ramadhani ya mwaka 1970 ilipoandama, kila asubuhi mumewe Mkadam alimwachia mtungi wa maji ya kunywa. Akirudi kutoka kazini, anaukuta mtupu. Kumbe maji yote aliumwagia mrehani wa uani! Mwatima alikuwa anafunga.

Na alikuwa mgonjwa. Alikuwa na saratani ya damu. Bandama lilimvimba hata tumbo likajaa. Vidonge vya hospitali vilimpa nafuu, na daktari akamkataza kufunga. Lakini Mwatima alijiambia, "Mimi nile mchana, majirani wananitazama? Aibu gani hiyo!" Vidonge akavimeza wakati wa daku.

Siku ya kupima damu, daktari alikunja uso.

"Kipimo kimepanda," alisema. "Huenda ugonjwa umeshika kasi. Ikiwa ni hivyo, dawa hii haitatosha tena."

Mwatima akawakumbuka watoto nyumbani. Wanawe atamwachia nani? Muuguzi Kidawa, mama wa makamo, akamketisha kwenye benchi pamoja na mumewe.

"Bi Kidawa, kimepanda nini?" aliuliza Mwatima.

"Sikiliza, mwanangu. Saratani yako inazalisha chembe nyeupe za damu kupita kiasi. Chembe zikifa, huacha taka. Madaktari wanaiita asidi ya yuriki. Ugonjwa ukienda mbio, chembe nyingi hufa, na taka huzidi. Ndiyo maana tunaipima."

"Basi nshakwisha mimi."

"Hujakwisha! Chembe zenyewe tumezihesabu, hazijaongezeka. Taka hupanda kwa sababu nyengine pia. Figo ndizo zinazoitoa kwa mkojo. Maji unakunywa?"

Mkadam akadakia, "Mtungi mzima, kila siku!"

Mwatima akatazama chini. "Mume wangu, nnafunga."

"Unafunga! Na maji?"

"Nnaunywesha mrehani."



"Ee, Mwatima!" alisema Kidawa. "Bila ya maji, figo zitaitoaje taka? Hukaa humo kama changarawe, ikaziharibu. Na Mola kashakuruhusu. Ukipona utalipa siku ulizokula. Usipoweza, utalisha maskini. Nenda ukanywe, wiki ijayo tupime tena. Daktari nitamwambia."

Wiki ile Mwatima alikunywa maji mchana kweupe, mlango wazi. Jirani akachungulia.

"Karibu, shoga. Mimi mgonjwa, nna ruhusa."

"Mungu akuafu," alijibu jirani, akapita zake. Basi, hivyo tu! Aibu yote ile aliyoiogopa ikaishia hapo.

Lakini usingizi haukumjia vizuri mpaka siku ya kipimo. Daktari alitoka anacheka.

"Taka imeshuka, Bi Mwatima. Ugonjwa haukusonga. Endelea na vidonge vile vile, na maji usiyaache. Na kupima usikose. Siku kipimo kikipanda kweli, tunataka tujue mapema."

"Alhamdulillahi!" Mkadam alilia pale pale, mbele za watu.

"Ukimaliza kulia uniambie," alisema Mwatima, na yeye machozi yanamtoka. "Nna njaa."

Wakakaa kivulini nje ya hospitali. Mkadam, mwenye swaumu yake na kinywa kikavu, akamenya chungwa. Akampa mkewe kipande baada ya kipande, mpaka likaisha.