Unga wa Mchaichai kwenye Mkeka wa Kahawa

Hapana, mjukuu wangu, usimcheke dada yako Jovitha anapohamisha ule mkeka kila jua linapoufikia. Ana sababu. Ngoja nikueleze. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini hili nililiona kwa macho.

Mwaka jana Mwalimu Elpidius, hapa hapa Nyabiyonza, aliwafundisha Jovitha na wenzake kutoa mafuta ya mchaichai. Yanazuia ukungu. Ila yakikaa peke yake yanaruka hewani, keshokutwa huyaoni. Kwa hiyo wanayakoroga na gundi ya mti mpaka yanakuwa meupe kama maziwa, wanayaanika kivulini, wanasaga. Kila punje ya ule unga imeyafungia mafuta ndani, yanatoka kidogo kidogo. Unaufunga kwenye kitambaa, unauweka kwenye debe la mbegu.

Jovitha akapewa kukausha unga wa jirani yetu, bibi Sperancia. Siku tatu, kivulini. Yeye alitaka kwenda kucheza rede! Akauanika juani, jioni ukawa tayari. Mkeka wa kahawa nilimpa mimi. Tangu nizaliwe naanika juani kila kitu, kahawa, maharage, hata blanketi. Ua zima likanukia, nikasema vizuri kweli. Kumbe ndiyo mafuta yanaondoka.

"Uliukausha kivulini?" mwalimu akamuuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Mvua za kupanda zilipokaribia, Sperancia akafungua debe lake la mbegu za maharage, mwalimu akiwapo. Ukungu mtupu! Maharage ya hivyo hata kuliwa hayafai, yanaleta ugonjwa.

"Mama, labda uliacha mfuniko wazi," mwalimu akasema.

"Labda, waitu, mwanangu. Uzee huu. Nisamehe, nimekuharibia kazi yako."

Jovitha alikuwa amesimama pale pale na ndoo yake ya maji. Akajitwisha, akaenda zake. Wiki ile akawa anazunguka njia ya migombani asipite kwa Sperancia. Chakula anakichokoa tu.

Jumapili tukamkaribisha Sperancia. Ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, vimeshaepuliwa, mtoto akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Mfuniko wako ulikuwa umefungwa. Ni mimi. Niliuanika juani, nikasema uongo."

Sperancia akamtazama sana. "Wiki nzima nakagua mifuniko ya nyumba yangu, mjukuu. Nilidhani akili zinaniacha."

Hapo Jovitha akalia kweli kweli. "Maharage ya kishamba changu yote nakupa uyapande, bibi. Na unga nitautengeneza upya, siku tatu, kwako, ukiniona."

Mimi nikasema, "Na mkeka niliutoa mimi, sikuuliza. Lakini sikia, Jovitha. Haraka yako iliharibu debe moja. Uongo wako ulimfanya mtu mzima ajilaumu kwa kosa lisilo lake. Hilo ndilo zito. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

Akabaki mlangoni, anaona aibu kuingia. Sperancia akakataa kugusa chakula.

"Mimi nitanawa akininawisha yeye," akasema. "Njoo na hilo jagi, ebitoke vinapoa."

Akaja, akamwagia maji. Sperancia akamvuta ubavuni kwake. Ndipo sote tukakaa, tukala.