Bipu Haipokelewi

"Dada, mnyororo wako mfupi mno. Nitaongeaje na mtu nimejikunja hivi?"

"Kwani umeambiwa uondoke na simu? Mteja mwenye adabu unamtosha."

Hivyo ndivyo Nereida alivyojibizana na Adalberto mara ya kwanza, pale Paseo Bolívar, katikati ya Barranquilla, jua likichoma utosi na mabasi yakipigiana honi. Nereida aliuza dakika. Alivaa kizibao cha kijani kibichi, na kiunoni zilining'inia simu tatu za kiswaswadu, kila moja na mnyororo wake, maana wateja wa mjini wana miguu myepesi. Asiye na salio ilimbidi asimame karibu naye, avute harufu ya manukato yake, ndipo aongee. Adalberto aliongea na fundi mwenzake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipomaliza hakuiachia simu.

"Naomba na namba ya mwenye mnyororo."

"Ya nini?"

"Nikubipu nikifika salama. Njia ya kwetu Caño Hondo ni ya maji, mami. Mtu akizama, angalau wewe ujue."

Nereida alicheka, na kucheka huko ndiko kulikomponza.

Adalberto alikuwa fundi wa injini za boti, huko juu ya mto Magdalena ambako mtandao mpya haujawahi kutia mguu. Mabega yake yalikuwa mapana, shati lake limenyooshwa kwa pasi, kucha zake nyeusi kwa grisi isiyotoka. Jioni ile alibipu. Kesho yake akabipu tena, na ikawa desturi. Sheria yao ilikuwa moja tu: bipu haipokelewi. Simu ikiita ikakatika yenyewe, maana yake ni "nipo, nakuwaza." Siku moja Nereida alijisahau akapokea, na Adalberto akamlalamikia kwa nusu saa nzima.

"Umeniharibia! Bipu ni busu, Nere. Busu unaliuliza 'halo, nani mwenzangu'?"

Alishuka mjini kila alipopata nafasi. Walikula samaki wa kukaanga na wali wa nazi, wakagombana kwa mchezo, wakapatana. Nereida aliwahi kuachwa na mume, akaapa kwamba hataingia tena mtegoni. Lakini kiapo cha mtu anayependwa kina nguvu gani?

Kisha kampuni ya simu ikaanza kutuma ujumbe, leo mmoja, kesho mmoja: mtandao wa zamani utazimwa, simu za zamani hazitaita tena, jiandaeni. Wauza dakika wenzake waliondoka mmoja mmoja. Bi Clementa, aliyeuza juisi ya ndimu kando yake, alimsuta waziwazi.

"Wewe unangoja nini? Zikifa hizo, utavaa minyororo mitupu kama mfungwa?"

Adalberto aliposikia habari hizo alishuka na boti ya kwanza. Hakula. Alimshika Nereida mkono mbele ya wateja.

"Kule kwetu wakizima huu hakuna mwingine. Simu itakuwa jiwe. Nataka tuoane, Nere. Nimeshajenga chumba."

"Niache nifikiri, Beto. Nimeshaungua na uji."

"Fikiri. Siku wanayozima, alasiri, nitakubipu mara ya mwisho. Ukiiacha iite mpaka ikatike, umekubali, nami naja kukuchukua. Ukikataa, pokea, uniambie kwa mdomo wako."

"Na nikikataa?"

"Sitakuja kukusumbua tena. Mwanamume akiambiwa hapana haulizi mara mbili."

Jibu Nereida alikuwa nalo kabla boti haijang'oa nanga. Alimnyima makusudi, apate kuonja kuwazwa siku chache zaidi. Ubishi huo mdogo ulikuja kumgharimu.

Siku yenyewe ilipofika, alijiandaa kama walivyoagizwa. Asubuhi alinunua simu ya kupangusa, akahamishia laini yake humo, akavaa gauni jekundu la mabega wazi. Vidole vilivyozoea vibonyezo viliteleza kwenye kioo, Bi Clementa akamcheka mpaka akashika mbavu.

Alasiri yeye na Bi Clementa walikuwa wakila arepa ya yai, andazi la mahindi la kukaanga, mafuta yakitiririka hadi viganjani, simu ilipoita. Kioo kilikuwa kimejaa mafuta, jina halisomeki. Nereida alitaka tu kuhakikisha kuwa ni yeye. Akashika pindo la gauni, akapangusa kioo, mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia.

Sekunde zikaanza kuhesabika kwenye kioo. Alikuwa amepokea.

"Hapana!" alipiga kelele. "Hapana, hapana, jamani!"

Upande wa pili mtu alivuta pumzi. Kisha simu ikakatwa.

Alipiga. Haipatikani. Alipiga mpaka kidole kikauma, akatuma ujumbe, akatuma mwingine, akilia barabarani bila kujali macho ya watu. Usiku mtandao ukazimwa. Alimtuma mchuuzi wa ndizi wa Caño Hondo apeleke neno, na mchuuzi akarudi na jibu kwamba fundi alifunga chumba akaenda machimboni, wapi hasa hakuna ajuaye. Nereida hakubadilisha namba. Alibaki palepale, sasa akiuza vioo na makava ya simu za kupangusa.

Mwaka uliofuata, mji ukijipamba kwa kanivali, mtu alisimama mbele ya meza yake.

"Dada, mnyororo uko wapi?"

Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limepigwa pasi, ila kwa mkono mwingine. Kola ilikuwa imenyooka kuliko alivyoweza yeye mwenyewe.

"Beto, sikukukataa." Maneno yalimtoka kabla ya salamu. "Nilipangusa mafuta. Kidole, Beto! Nilikuwa nakataa simu, sikukukataa wewe!"

Alimsikiliza hadi mwisho. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio.

"Nilisikia hapana tatu," alisema. "Simu niliitupa mtoni palepale."

"Na sasa?"

Alitazama chini. "Anaitwa Luz Dary. Alinipikia nilipougua machimboni. Ana mimba yangu, mwezi wa kujifungua ndio huu."

Bi Clementa aligeuka, akajifanya anakamua ndimu.

"Namba yako ni ileile?" Adalberto aliuliza.

"Ileile. Lakini usinibipu."

Adalberto aliondoka kuelekea stendi ya mabasi bila kuaga. Muda si muda simu ikaita mezani, namba ngeni. Hakuhitaji kuambiwa. Akiiacha ikatike, Adalberto atashuka kwenye basi, na Nereida alitaka ashuke kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Ikaita. Ikaita tena. Akafuta mikono yake vizuri kwa kitambaa, vidole vyote, vikakauka. Kisha akapangusa kioo, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Nere?"

"Safari hii si mafuta, Beto. Nenda ukampokee mwanao."

Alikata yeye mwenyewe. Msichana mmoja alikuwa amesimama mezani, anaulizia kioo kisichoteleza.

"Hakuna," Nereida alimwambia. "Vyote vinateleza."