Jembe Lililokwenda Karema

Eustace alikuwa fundi wa njia ya reli mjini Mpanda. Yeye na mkewe Theopista waliishi Majengo na mtoto wao mchanga, Christina. Kila mwaka Eustace alipata likizo, na kila likizo walikwenda Usevya kwa wazazi wake. Huko Eustace alipumzika kwelikweli. Theopista alitwanga, alichota maji, alipika, kisha alirudi mjini amekonda.

Mwaka 1975 mambo yalikuwa magumu. Theopista alikuwa ametoka kuugua homa kali. Maziwa yake yalipungua, na uzito wa mtoto ulishuka.

"Mkeo ale vizuri na apumzike," mganga wa kliniki alimwambia Eustace. "La sivyo mtoto ataendelea kudhoofu."

Eustace aliogopa. Alimwendea jirani yao Romana, bibi maendeleo.

"Msiende Usevya safari hii," Romana alisema. "Karema kuna nyumba ya mapumziko karibu na ziwa. Unalipa mara moja tu. Humo mna kitanda, chakula mara tatu, kufuliwa nguo, hata kutembezwa kwa mashua."

"Kuni tutaokota wapi?"

"Hamwokoti kuni, Baba Christina. Vyote vimo. Lakini kwanza uliza kipi kimo na kipi hakimo. Vyandarua vipo? Maji ya kunywa yanachemshwa? Usilipe kabla hujajibiwa. Na nendeni sasa, kiangazi, barabara ikiwa inapitika."

Eustace alimtuma dereva wa lori la samaki akamwulizie. Jibu lilirudi: maji yanachemshwa, chandarua mje nacho. Basi alilipa, akanunua chandarua pale mtaa wa Kashaulili.

Asubuhi ya safari Romana alikuja kuwaaga. Aliona mzigo mrefu umefungwa kwa kanga kuukuu.

"Mama Christina, hiki nini?"

"Jembe," Theopista alijibu.

"La kazi gani?"

"Mgeni siku mbili, dada. Siku ya tatu mpe jembe. Sisi Wapimbwe hatukai kwa watu tukala bure."

"Hamli bure. Mmelipia chakula, mmelipia na mikono ya kukipika. Mwanao anataka maziwa, jembe halimsaidii."

Theopista alilikaza fundo la kanga. Jembe hakulitoa. Lilipanda lori pamoja nao.

Kule Karema Theopista alikula ugali kwa migebuka, samaki wa ziwa lile, akalala mchana, akatazama ziwa. Siku ya tatu, kulipopambazuka, Eustace aliamka akakuta mtoto amelala, mkewe hayupo. Alimpata mkewe nyuma ya jiko, anapalilia mchicha. Mpishi, mzee Methusela, alisimama kando amechanganyikiwa.

"Mama, chakula chetu kibaya?" Methusela aliuliza. "Mbona unatufanyia kazi?"

"Chakula kizuri, baba. Ila leo ni siku ya tatu. Naona aibu."

Eustace alisikia neno hilo, akamsogelea mkewe. Kisha alilishika jembe mpini.

"Nipe," alisema. "Hapa umengoja mpaka siku ya tatu. Kwetu Usevya ulikuwa unalishika siku ileile tunayofika. Nami nilikuwa nimelala ndani."

Theopista aliliachia jembe. Ndani Christina alikuwa akilia. Mama yake alirudi kitandani, akamnyonyesha bila haraka, akilia machozi kidogo naye mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuingia jikoni wala bustanini. Alikula, akalala, akapanda mashua akamshika mtoto kwa nguvu maana aliogopa maji.

Walipokuwa wakifunga mizigo, Eustace alisema, "Tukifika nyumbani kazi itatukuta palepale. Tusipoigawana, maziwa yatakauka tena."

"Wanaume wa Majengo watakucheka," Theopista alisema.

"Wacheke."

Waliporudi Mpanda, kliniki walimpima Christina. Uzito ulikuwa umepanda. Mganga alimtazama Theopista, akasema aendelee hivyohivyo.

Siku ya tatu tangu warudi, Theopista aliamka jua limekwisha chomoza. Ndoo mlangoni zilikuwa zimejaa maji. Alitazama pembeni alipoliweka jembe, hakuliona. Alitoka nje na mtoto kifuani.

Eustace alikuwa kwenye bustani yao ya mchicha kando ya nyumba, ameinama, jasho linamtoka. Majirani wawili walisimama njiani wakimcheka.

"Rudi ukanyonyeshe," alimwambia mkewe. "Siku ya tatu leo. Zamu yangu."