Hodi ya Ghala la Mvinyo

Otilia alishangaa kumsikia mumewe akipiga hodi kwenye mlango wa ghala. Hodi kwa nani, kwa chupa?

Kile kiwanda cha mvinyo wa mapovu, kazi ya wamisionari wa zamani nje ya Songea, kilifungwa kabla hata hawajaoana. Miaka ile serikali ilikuwa ikiuza viwanda kama nguo za mtumba, na Athanasi naye akajipatia hiki. Leo, mchana kweupe, alimleta mkewe akione kabla ya wageni wa uzinduzi.

"Karibuni," sauti nzito ikajibu kutoka chini.

"Kuna mlinzi, Baba Jordan?"

"Shuka tu, Mama Jordan."

Walishuka na taa ya chemli. Chupa zilikuwa zimeinamishwa midomo chini kwenye mbao zenye matundu. Athanasi alieleza kwamba kila chupa hugeuzwa kidogo kila siku, ili mashapo yateremkie shingoni.

"Sasa nani anazigeuza?" Otilia akanong'ona.

Athanasi akarudi nyuma hatua moja. Palinuka togwa iliyochacha na udongo wa kaburi bichi, na huko gizani chupa zikaanza kugeuka zenyewe, kri, kri, kri, safu baada ya safu, zikiwasogelea, mpaka Otilia akahisi pumzi baridi kisogoni na sauti ikaita:

"Sikudhani!"

Mtaani kwao Mfaranyaki walimwita Mama Jordan, kanisani Otilia. Sikudhani ni jina alilopewa na bibi yake, akaonywa asilitoe nje. Alimwambia mtu mmoja tu, kitandani, akiwa bibi harusi.

"Abee," akaitika kabla hajawaza, kama alivyolelewa.

Athanasi akashusha pumzi, kama mtu aliyetua gunia.

"Jini la humu limekataa kuniachia kiwanda mpaka lipate wa kugeuza chupa," alisema, macho chini. "Lilitaka jina ambalo mwenyewe akiitwa haachi kuitika. Nisamehe, mama."

"Jina lile nilikupa wewe, mume wangu! Wewe!"

Athanasi akageuka, akapanda na taa yake. Uchungu ulimzidi Otilia kuliko woga. Alitaka kumfuata ngazini, lakini miguu ilikataa, na mikono yake ilikwisha kushika chupa.

Siku ya wageni, alimsikia Athanasi juu akicheka.

"Mama Jordan? Yuko kwao Namtumbo, anamuuguza mama yake. Jamani, twendeni chini. Hodi!"

Otilia akafumbua kinywa apige ukelele, wakimbie, wasishuke.

"Karibuni," kinywa chake kikasema.