Hitilafu ya Kamera ya Lango

Waliohudhuria kikao cha Jumapili alasiri nyumbani kwa Mzee Mwangangi, Emali, walikuwa hawa: Mzee mwenyewe, mfanyabiashara wa ndengu; mkewe, Kalondu; binti yao, Ndinda; shangazi Muthoki, dada ya Mzee; Kiema, mwenye duka la redio; na Mutie, fundi anayetumia benchi katika duka hilo. Mezani palikuwa na televisheni ndogo isiyo ya rangi. Ndani yake lilionekana lango la nyumba, limefungwa.

Swali lililowakusanya lilikuwa moja: je, Mutie ni fundi au ni tapeli? Akionekana tapeli, Kiema angemnyang'anya benchi siku hiyo hiyo.

Chanzo cha yote kilikuwa siku ya soko, mwaka wa tisini na sita. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara kuu, na harufu ya maembe yaliyoiva ilichanganyika na ile ya dizeli. Ndinda alikuwa akipita katikati ya umati, amevaa gauni la rangi ya machungwa na kitambaa cheupe kichwani. Mara kitambaa kikamtoka. Kilikuwa kimenaswa na mzingo wa waya uliobebwa begani na kijana mrefu mwenye shati lililonyooshwa vizuri kwa pasi.

"Wewe! Waya wako umenivua kitambaa mbele ya Emali nzima!"

"Pole sana, dada. Huu waya haujafundishwa adabu bado."

"Na mwenyewe amefundishwa?"

"Kidogo. Naitwa Mutie. Natengeneza redio na televisheni."

Ndinda alifunga kitambaa chake polepole kuliko ilivyohitajika.

"Kamera je? Baba amenunua kamera ya lango huko Nairobi. Picha ni chenga tupu. Jana alimfukuza mjomba, eti hakumtambua."

Mutie alifika kesho yake. Alifuata waya kutoka langoni hadi sebuleni, akaupata umeungwa kwa kusokotwa tu, na viungo vimeshika kutu. Akatandika waya mpya, mzima, usio na kiungo. Picha ikatulia hata ndevu za mbuzi wa jirani zikaonekana. Mzee alifurahi, akatangaza sheria yake mpya: kuanzia sasa, mgeni asiye na shughuli hatafunguliwa lango.

Haikupita wiki kabla ya simu ya dukani kwa Kiema kulia.

"Halo, fundi. Picha imepotea tena."

"Imepotea vipi, Ndinda?"

"Imepotea tu. Giza. Unakuja, ama nimwambie baba atafute fundi mwingine?"

"Nakuja. Weka chai."

"Chai iko tayari tangu saa kumi na moja."

Mutie alikuta kichwa cha waya kimelegea nyuma ya televisheni. Akakikaza, akanywa chai, akacheka na Ndinda, akaondoka. Picha ikapotea tena. Safari hii alikikaza kwa koleo, kwa nguvu, hata mkono wa mtu usiweze kukilegeza. Alipoitwa mara nyingine, kichwa kile kilikuwa kimefunguliwa kabisa, na kando yake palikuwa na mikwaruzo ya koleo ambayo si yake.

"Ajabu ni kwamba," Mzee alimwambia siku hiyo, "picha hupotea Ndinda akisharudi nyumbani kutoka kazini kwake. Mchana kutwa iko sawa."

Mutie alikusanya vifaa vyake. Alipokuwa akitoka, alimkuta mwalimu wa kwaya langoni na baiskeli yake, akimuulizia Ndinda. Basi akajipatia maelezo yake mwenyewe: binti huyu anaizima kamera ili baba asione ni nani anayekuja kumwona. Hakumshtaki kwa yeyote. Alikunja waya wake, na tangu hapo simu ikilia dukani, alimwomba Kiema aseme hayupo.

Ndinda alipiga, akapiga tena. Mwishowe aliacha kupiga. Mzee naye alianza kusimulia sokoni kwamba fundi wa Kiema alimharibia kamera kisha akatoroka. Wateja wakapungua. Ndipo Kiema alipoomba kikao hiki.

"Fundi," Mzee akaanza, "mbele ya hawa wote, sema. Kamera yangu ina hitilafu gani?"

Mutie alimtazama Ndinda mara moja, kisha akainamisha macho.

"Nimeshindwa kuijua, Mzee."

Kiema alinyoosha mkono. "Basi nipe ufunguo wa duka."

Mutie akautia mkono mfukoni.

"Umeshindwa?" Ndinda alisimama ghafla. "Mutie, unasema uongo na leo ni Jumapili?"

"Ndinda, keti," mama yake alimwambia.

"Siketi, mwaitu."

Alikwenda kwenye kikapu chake cha kushonea, akatoa koleo, akazunguka nyuma ya televisheni. Lango likatoweka. Giza.

"Hitilafu ndiyo hii," alisema. "Ni mimi. Kila mara ni mimi."

"Asi!" Shangazi Muthoki alishika mdomo.

"Kwa nini, mwanangu?" Mzee aliuliza.

"Ulisema mgeni asiye na shughuli hafunguliwi. Nikamtafutia shughuli."

Mutie ndiye aliyesahau kwamba hawako peke yao.

"Kumbe ni mimi? Mimi nilidhani unamficha yule mwalimu wa kwaya!"

"Mwalimu wa kwaya? Yule ana mke na watoto! Huniletea nyimbo tu. Na akiimba ile besi yake, kuku wote hukimbia. Ndiyo maana ukakwepa simu zangu?"

"Ndiyo, mpenzi. Nilikuwa mjinga."

"Mjinga kabisa. Na ulikubali kupoteza benchi kwa ajili ya mtu uliyedhani ana mwingine?"

"Sikutaka baba yako akugombeze."

Shangazi Muthoki alicheka hadi machozi. Kalondu alimtazama mumewe, akangoja. Mutie alikaza kichwa cha waya kwa vidole tu, na lango likarudi, wazi na tulivu.

Mzee Mwangangi alinyoosha kofia yake, akasimama.

"Nisikilizeni. Kiema, benchi libaki lake, na kesho mimi mwenyewe nitapita sokoni kuyaondoa maneno yangu. Ndinda, lete hilo koleo hapa, litakaa kwangu. Na wewe, fundi, ukija tena usije na mkoba wa vifaa. Njoo na wazee wenu na mbuzi wa ntheo, wa kumposa Ndinda. Nitawaona kwenye televisheni, na lango nitalifungua kwa mkono wangu."